Ndege Iliyosukumwa kwa Nyuma

Siku utakapopita karibu na kiwanja cha ndege, simama kidogo uzitazame zile ndege ndogo zenye moteri moja. Karibu zote zina moteri mbele, penye pua. Pangaboi lazunguka mbele na ndege yafuata nyuma, kama vile gari linavyomfuata ng'ombe anayelivuta. Sisi twadhani mambo yalikuwa hivyo tangu mwanzo. Sivyo. Ndege nyingi za kwanza zilikuwa na pangaboi nyuma. Hazikuvutwa, zilisukumwa, kama mvuvi anayesimama nyuma ya mtumbwi na kuusukuma kwa upondo.

Ndege za namna hiyo zimekwisha kusahauliwa na watu wengi. Lakini ndizo zilizofundisha watu wa Ulaya kuruka. Ndizo zilizoruka juu ya mikoko ya Rufiji wakati wa vita ya 1914 mpaka 1918. Na ndege ya namna hiyo ndiyo iliyochukua barua za kwanza za angani juu ya mto wetu Kongo. Basi inafaa tujue habari zake.

Mwanzo wake

Tarehe 17 Desemba 1903, huko Kitty Hawk, Marekani, ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright, waliruka mara ya kwanza kwa chombo chenye moteri. Walikuwa mafundi wa baiskeli. Chombo chao kilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine, na moteri moja iliyozungusha mapangaboi mawili nyuma kwa minyororo, kama mnyororo wa baiskeli. Siku ile waliruka mara nne. Safari iliyopita zote ilidumu nukta 59, na urefu wake ulikuwa metre 260 hivi. Ni kidogo sana, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa.

Kwa nini mabawa mawili? Kwa sababu bawa moja refu la mbao nyembamba na kitambaa huvunjika upesi. Lakini ukiweka mabawa mawili, moja juu na moja chini, ukayaunganisha kwa vijiti vilivyosimama, kisha ukavuta nyuzi za chuma kutoka pembe hii mpaka pembe ile, unapata kitu chenye nguvu kama daraja, nacho ni chepesi. Ndiyo maana miaka mingi mafundi walipenda ndege za mabawa mawili.

Katika Ufaransa kulikuwa na mtu jina lake Henri Farman. Alizaliwa Paris mwaka 1874, na wazazi wake walikuwa Waingereza. Kwanza alijifunza kazi ya kuchora picha, kisha akawa mshindani wa baiskeli, halafu mshindani wa motokaa. Mwaka 1907 alikwenda kwa ndugu Gabriel na Charles Voisin, mafundi wa ndege, akawaagiza wamtengenezee moja. Ilikuwa na mabawa mawili, na pangaboi nyuma.

Siku zile watu wa Ulaya waliweza kuruka mbele tu, wakashuka. Kugeuka angani kulikuwa jambo la kuogofya, kwa maana ndege ililala upande mmoja, ikaanguka. Tarehe 13 Januari 1908, kwenye kiwanja cha Issy-les-Moulineaux karibu na Paris, Farman aliondoka, akaenda mpaka kwenye alama, akaizunguka, akarudi alipoanzia. Safari nzima ilikuwa kilometre moja, nayo ilichukua dakika moja na nukta 28. Kwa hiyo dakika moja na nusu alipewa zawadi ya faranga 50,000. Mwezi wa Oktoba mwaka uleule akaruka kutoka Bouy mpaka mji wa Reims, kilometre 27 hivi, juu ya mashamba na miti. Hakuna mtu aliyekuwa amefanya vile kabla yake, kutoka mahali na kwenda mahali pengine kwa njia ya angani.

Namna ilivyojengwa

Mwaka 1909 Farman alianza kujenga ndege zake mwenyewe. Ile ya mwaka huo ilipata sifa kubwa, ikaigwa katika nchi nyingi. Tuitazame sawasawa.

Mabawa yake mawili yalikuwa na upana wa metre 10 hivi kutoka ncha mpaka ncha. Yalikuwa ya mbao, yamefunikwa kwa kitambaa. Mbele, juu ya miti mirefu, kulikuwa na bawa dogo la kuinua na kushusha pua. Nyuma kulikuwa na mkia, nao ulishikwa kwa miti minne mirefu. Kwa nini minne? Kwa sababu pangaboi lilizunguka katikati, nyuma ya mabawa, na mwili mmoja kama wa ndege za leo ungezuia njia yake. Basi walilazimika kuacha nafasi, na mkia ukafungwa kwa miti iliyopita juu na chini ya pangaboi.

Rubani aliketi wapi? Hakuwa na chumba, wala kioo, wala ukuta. Aliketi mbele ya bawa la chini, kama mtu anayeketi barazani, na miguu yake ikaning'inia juu ya kijiti. Mkono wake wa kuume ulishika fimbo. Akiisukuma mbele, ndege ilishuka, akiivuta, ilipanda. Akiipeleka upande, vipande vidogo vya mabawa, vilivyofungwa kwa bawaba kama mlango, vilivutwa, na ndege ikajiweka sawa. Ndege iliposimama chini, vile vipande vilining'inia kama masikio ya mbwa. Ilipoanza kukimbia, upepo ulivinyanyua. Kwa miguu aligeuza usukani wa nyuma.

Moteri iliyoipa ndege hiyo sifa iliitwa Gnome. Ilikuwa na silinda saba zilizopangwa kama nyota, na nguvu ya farasi 50. Ajabu yake ni hii: haikutulia. Moteri nzima ilizunguka pamoja na pangaboi, na kwa kuzunguka ikajipoza yenyewe kwa upepo. Haikuhitaji maji, kwa hiyo ilikuwa nyepesi. Lakini ilikunywa mafuta mengi, nayo yalikuwa mafuta ya mbarika, ndiyo yale yale ambayo wagonjwa hupewa wakiumwa na tumbo! Mafuta hayo yalitupwa nje pamoja na moshi. Kama moteri ilikuwa mbele, rubani aliyapokea usoni. Kama ilikuwa nyuma, yalikwenda zake. Hiyo ndiyo faida moja ya kusukumwa.

Faida ya pili ilikuwa kubwa zaidi: macho. Mbele ya rubani hapakuwa na kitu cha kumziba. Aliona nchi yote chini yake, mito, njia, vijiji na watu. Tukumbuke jambo hili, kwa kuwa baadaye litakuwa na maana.

Lakini kila kitu kina upande wake mbaya. Ile miti na nyuzi nyingi za mkia zilizuia upepo, na mwendo ukawa wa polepole. Tena, kitu chochote kilichofunguka mbele, hata kofia ya rubani, kiliweza kupeperushwa na kuvunja pangaboi nyuma yake. Na lililo baya kuliko yote: ndege ikianguka kwa pua, ile moteri nzito ilikuwa nyuma ya mgongo wa rubani, nayo haikumhurumia.

Hata hivyo ilishinda. Mwezi wa Agosti 1909, kwenye mashindano makubwa ya Reims, Farman alikaa angani saa tatu na zaidi, akaenda kilometre 180 bila kushuka. Mwezi wa Aprili 1910 Mfaransa Louis Paulhan, juu ya ndege ya Farman, aliruka kutoka London mpaka Manchester, karibu kilometre 300, akashinda zawadi ya paundi 10,000. Mshindani wake, Mwingereza Claude Grahame-White, naye alikuwa na Farman. Alijaribu kumfikia kwa kuruka usiku gizani, lakini hakumpata.

Manowari iliyojificha

Ikaja vita ya mwaka 1914. Mambo yaliyokuwa mchezo yakawa kazi ya kuua.

Wadachi walikuwa na manowari moja kwenye pwani ya Afrika ya Mashariki, jina lake Königsberg. Ilikuwa na mizinga kumi. Tarehe 20 Septemba 1914 iliingia Zanzibar alfajiri, ikaizamisha manowari ya Waingereza iliyoitwa Pegasus. Kisha ikatoweka. Ilikuwa imeingia ndani ya midomo ya mto Rufiji, kusini ya Dar es Salaam. Hapo mto unagawanyika katika mikono mingi, na kila upande ni mikoko mirefu, matope na maji mafupi. Manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia. Kutoka baharini mabaharia waliona miti tu.

Jicho la angani likahitajiwa. Katika Afrika ya Kusini alikuwako rubani mmoja, Bwana Cutler, mwenye ndege-mashua ya Curtiss. Nayo ilikuwa na mabawa mawili na pangaboi nyuma. Mwezi wa Novemba 1914 wakaileta kwa meli mpaka visiwa vilivyo karibu na Rufiji. Ilikuwa dhaifu, na joto lilikuwa kali. Chombo cha kupoza maji ya moteri kilipoharibika, kingine kilitafutwa Mombasa, kikatolewa katika motokaa ya Ford! Lakini Cutler aliruka, akaiona Königsberg kati ya mikoko. Mwezi wa Desemba moteri ikazimika angani, akashuka mtoni, na Wadachi wakamkamata.

Waingereza wakaleta ndege nyingine za kushuka majini. Hizo zilishindwa na hali ya nchi. Gundi ya mapangaboi iliachana kwa joto, na ndege hazikuweza kupanda juu. Mwisho, mwezi wa Juni 1915, zikafika ndege nne za nchi kavu, mbili za Caudron na mbili za Henri Farman. Kisiwa cha Mafia, kisiwa cha minazi, kilikuwa mikononi mwa Waingereza tangu Januari, nao wakatengeneza kiwanja huko. Zikaja pia manowari mbili ndogo zisizozama sana majini, Severn na Mersey, zenye mizinga mikubwa.

Tarehe 6 Julai 1915 Severn na Mersey zikaingia mtoni. Ndege ikazunguka juu, na mtu aliyemo akapeleka habari kwa simu ya upepo, kuwaambia wapiga mizinga risasi zao zimeanguka wapi. Vita ikadumu tangu asubuhi mpaka alasiri. Risasi zaidi ya 600 zilitupwa. Königsberg iligongwa mara chache tu, nayo ikaijibu Mersey kwa ukali, ikaua watu wake. Sababu ya kushindwa ilikuwa nini? Manowari mbili zilikuwa zikipiga pamoja, na mtu wa angani hakuweza kutambua risasi hii ni ya nani. Basi alimwambia huyu asogeze mzinga wake, kumbe aliyekosea ni yule.

Siku tano baadaye, tarehe 11 Julai, wakarudi. Sasa walikuwa wamejifunza: apige mmoja tu, mwingine anyamaze. Katika ndege ya Farman walikuwamo rubani Cull na mwenzake Arnold, aliyeshika chombo cha simu. Severn ikatia nanga, ikaanza kupiga. Arnold akatazama: risasi hii mbali mno, ile fupi, nyingine kushoto. Kila mara akapeleka herufi zake, na mzinga ukasogezwa kidogo. Baada ya dakika chache risasi zikaanza kuipata Königsberg.

Lakini Wadachi nao waliijua ndege ile. Wakaelekeza mizinga yao juu, vipande vya risasi vikaipiga moteri, ikavunjika. Cull akaelekeza ndege upande wa rafiki zake, akaiacha ishuke polepole bila moteri. Wakati ule Arnold angeweza kushika mbao na kungoja kifo. Hakufanya hivyo. Alipeleka habari kwamba wamepigwa, akaomba mashua. Kisha akaendelea na kazi yake. Akawaambia wapiga mizinga kwamba risasi zinaangukia upande wa mbele wa manowari, basi wazisogeze nyuma. Wakatii, na risasi zikaangukia katikati.

Ndege ikagusa maji karibu na Mersey, ikapinduka. Arnold akatupwa nje. Cull alikuwa amefungwa kwa mkanda, akazama pamoja na ndege, akapigana mpaka akajifungua chini ya maji. Mashua ya Mersey ikawaokota wote wawili, wazima. Baadaye walipewa nishani ya DSO.

Nayo Königsberg ikawaka moto. Nahodha wake, Max Looff, alikuwa amejeruhiwa, na mabaharia wengi walikuwa wamekufa au kuumia. Akaamuru izamishwe. Hivyo manowari yenye mizinga kumi ilishindwa kwa sababu ya macho ya watu wawili waliokaa juu ya mbao na kitambaa.

Mizigo ya watu

Hapa wasimulizi wengi hukomea. Lakini sisi tuendelee kidogo.

Wadachi waliitoa ile mizinga kumi mtoni, wakaipeleka Dar es Salaam, wakaitengenezea magurudumu. Kisha ikavutwa katika nchi nzima. Ilivutwa na nani? Watu weusi, mamia kwa mamia, kwa kamba, katika matope na milima. Mzinga mmoja ulifika Kigoma, ukawekwa juu ya meli Graf von Götzen, na watu wa upande wetu wa Tanganyika wakauogopa. Mwaka 1916 ndege za kushuka majini, zilizoletwa vipandevipande kwa meli, kwa treni na kwa mito ya Kongo mpaka karibu na Albertville, mji unaoitwa leo Kalemie, zilikwenda kutupa mabomu Kigoma. Hizo zilikuwa na pangaboi mbele. Mwezi wa Julai mwaka ule Wadachi waliizamisha meli yao wenyewe kabla ya kuondoka. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, ikapewa jina jipya, Liemba. Na mzinga mmoja wa Königsberg wauona mpaka leo Mombasa, penye Fort Jesus.

Ndege zilikuwa chache, na marubani wake majina yao yameandikwa. Lakini vita ile ilichukuliwa juu ya vichwa vya wapagazi, wa pwani, wa bara, na wa Kongo waliofuata askari mpaka Tabora. Wengi mno walikufa, na zaidi kwa njaa na ugonjwa kuliko kwa risasi. Majina yao hatuyaoni katika vitabu. Tukisifu ushujaa wa Arnold, na ni haki kuusifu, tusiwasahau hao.

Juu ya mto Kongo

Vita ilipokwisha, ndege ya kusukumwa ilipata kazi njema kwetu. Wafaransa walikuwa wametengeneza ndege-mashua iliyoitwa Lévy-Lepen, kwa ajili ya kulinda bahari yao. Mwili wake ulikuwa mashua ya mbao. Mabawa yake yalikuwa mawili, na katikati yake, juu kabisa, ilikaa moteri ya Renault yenye nguvu ya farasi karibu 300, na pangaboi likitazama nyuma. Kwa ndege ya majini mpango huo ulikuwa na akili: pangaboi lilikuwa mbali na mawimbi, na maji yanayoruka hayakulipiga.

Wabelgiji walizileta ndege hizo Kongo na kuanzisha njia iliyopewa jina la Mfalme Albert. Tarehe 1 Julai 1920 ilianza kazi kati ya Kinshasa na N'Gombé. Mwaka 1921 ikafika Lisala, kisha Stanleyville, yaani Kisangani. Njia nzima ilikuwa na kilometre 1,725. Meli ya mto ilichukua majuma, lakini ndege ilichukua siku chache. Rubani hakuhitaji ramani kubwa, kwa maana mto wenyewe ulikuwa barabara yake. Na moteri ikizimika, chini yake palikuwa maji ya kushukia, ingawa alipaswa kujihadhari na mchanga na magogo.

Lakini kazi haikudumu. Abiria walikuwa wachache, na gharama kubwa. Jua na unyevu ni adui wa mbao, gundi na kitambaa. Mwaka 1922 njia ile ilifungwa. Mwaka uliofuata likaanzishwa shirika la Sabena. Na mwaka 1925 Edmond Thieffry aliruka kutoka Brussels mpaka Léopoldville, safari ya siku 51, tangu tarehe 12 Februari mpaka 3 Aprili. Ndege yake ilikuwa na moteri tatu, na mapangaboi yote matatu yalikuwa mbele. Wakati wa kusukumwa ulikuwa umepita.

Tujifunze nini?

Ndege ile ilikufa kwa sababu mafundi walipata njia bora. Walijua kutengeneza mwili mmoja mwembamba usiozuia upepo, na moteri ikihama mbele, mkia hauhitaji tena miti minne. Mwendo ukaongezeka. Hata hivyo tusiicheke ya zamani. Henri Farman mwenyewe aliishi mpaka mwaka 1958, akaziona ndege kubwa zisizo na pangaboi hata kidogo, zinazosukumwa kwa hewa ya moto itokayo nyuma. Labda alitabasamu, maana alianza kwa kusukumwa, na mwisho kusukumwa kukarudi.

Nasi tukumbuke siku mbili za Rufiji. Siku ya kwanza wote walipiga pamoja, kwa nguvu nyingi, wakashindwa. Siku ya pili mmoja alipiga, mwingine akangoja, na wote wakamsikiliza yule anayeona. Katika kijiji, katika chama, hata katika nyumba, mara nyingi nguvu haipungui. Kinachopungua ni kusikilizana. Wahenga walisema: mwenye macho haambiwi tazama. Ni kweli. Lakini asiye mahali pa kuona, inafaa akubali kuambiwa.